Zege na Mabaki ya Shinkolobwe

Mwaka 1964 wafanyakazi wa kiwanda cha Fernald, kaskazini-magharibi mwa jiji la Cincinnati katika jimbo la Ohio, Marekani, walirundika udongo kuzunguka vihenge viwili vya zege mpaka ukafika kimo cha kuta. Vihenge hivyo vilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Zege lililojengwa vizuri halipaswi kuegemezwa kwa udongo katika umri huo. Lakini plasta ya saruji upande wa nje ilikuwa imeanza kubanduka, nyaya za chuma zilizokaza kuta zilikuwa zimefikiwa na hewa na mvua, na wahandisi walihofu kwamba shehena iliyokuwa ndani ingezisukuma kuta mpaka zipasuke. Udongo uliwekwa ili usukume kutoka nje.

Shehena hiyo, mabaki ya madini ya urani yenye mionzi, ilitoka Katanga, Kongo.

Watu wakisikia habari ya zege linalozuia taka za mionzi, wengi huuliza jambo moja: je, mionzi hailili zege lenyewe? Ni swali zuri, na limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne. Nimechagua kulijibu kwa historia ya vihenge vya Fernald kwa sababu humo maadui wote wa zege walipita, mmoja baada ya mwingine, na mionzi haikuwa wa kwanza kubisha hodi. Tena ni historia inayotuhusu. Wachimbaji walioyatoa madini hayo ardhini walikuwa katika eneo ambako Kiswahili ndicho lugha ya mgodini, sokoni na nyumbani.

Mgodi wa Shinkolobwe uko karibu na Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp alibaini huko jiwe zito lenye urani, na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikaanza kulichimba katika miaka ya 1920. Urani yenyewe wakati huo haikuwa na soko la maana. Ilitumika kutia rangi vyombo vya kauri na vioo. Kilichotafutwa kilikuwa radiamu, ambayo hospitali za Ulaya ziliitaka kwa matibabu ya saratani na ambayo bei yake kwa gramu ilikuwa ya kutisha. Kiwanda cha kuitenga kilijengwa Olen, Ubelgiji, kikaanza kazi mwaka 1922. Kufikia 1937 Union Minière ilikuwa na akiba ya kutosha; mgodi ukafungwa na maji yakaachwa yaujaze.

Utajiri wa mawe yale haukuwa na mfano. Mafungu bora yalikuwa na oksidi ya urani hadi asilimia 65, wakati migodi mingi duniani huchimba mawe yasiyofikia hata asilimia moja. Wafanyakazi waliyachagua kwa mikono, jiwe kwa jiwe, wakayatia kwenye magunia. Mwaka 1940 mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, akihofu kwamba Wajerumani wangeyapata, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 hadi New York, zikakaa ghalani kwenye kisiwa cha Staten Island ndani ya mapipa ya chuma. Mnamo Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimfuata ofisini mwake, na katika mazungumzo mafupi akayanunua yote pamoja na yale yaliyokuwa yamelundikwa juu ya ardhi kule Katanga. Wahandisi wa jeshi wakaja kusaidia kuukausha mgodi. Magunia yakaenda kwa reli na kwa mto mpaka Matadi, kisha baharini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza mabomu ya Hiroshima na Nagasaki ilipatikana kwa njia hiyo.

Habari ya bomu imeandikwa sana. Habari ya kilichobaki baada ya urani kutolewa imeandikwa kidogo, nami naona ndiyo iliyo ndefu zaidi.

Kiwanda cha Mallinckrodt mjini St. Louis kiliyayeyusha madini ya Shinkolobwe kwa asidi na kuchukua urani. Tope lililobaki lilipewa jina la siri, K-65. Lilikuwa na risasi nyingi, chumvi za salfeti, na karibu radiamu yote iliyokuwemo kwenye jiwe. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu. Inapopungua hutoa gesi ya radoni, na radoni nayo huzaa poloniamu, bismuthi na risasi zenye mionzi, mlolongo mrefu unaotoa chembe za alfa, chembe za beta na mionzi mikali ya gama. Kwa hiyo mabaki yaliyoondolewa urani yalikuwa mabaya kuyakaribia kuliko urani iliyotolewa humo.

Kuna kipengele cha mkataba ambacho kilibadilisha mambo yote yaliyofuata. Marekani ilinunua urani peke yake. Radiamu na madini mengine ya thamani yaliyokuwa ndani ya tope yaliendelea kuwa mali ya African Metals Corporation, wakala wa Union Minière huko Marekani. Mwenye mali angeweza siku moja kuja kuidai. Basi tope halikuzikwa, liliwekwa akiba. Vihenge vya Fernald vilijengwa kama ghala la muda, na hilo linaonekana katika kila kipimo chake.

Kila kihenge kilikuwa na kipenyo cha mita 24 na kimo cha mita 11 katikati ya kuba. Ukuta ulikuwa na unene wa sentimita 20. Kuba lilianza na unene kama huo ukingoni, likapungua mpaka sentimita 10 tu kileleni. Nje ya ukuta zilizungushwa nyaya za chuma zilizovutwa kwa nguvu, kama pete za pipa la mbao, ili zege libaki limebanwa na lisipasuke. Juu ya nyaya ikapulizwa plasta nyembamba ya saruji. Ni ujenzi uliozoeleka wa matangi ya maji. Mapipa ya K-65 yalipofika, tope lilikorogwa na maji, likasukumwa kwa bomba mpaka ndani ya kihenge, likaachwa litulie, na maji ya juu yakaondolewa. Kazi hiyo iliendelea kuanzia 1952 mpaka 1958. Mwishoni vihenge viwili vilibeba takriban mita za ujazo 6,800 za tope na radiamu ya kiasi cha kyuri 3,700. Kyuri moja ni mionzi ya gramu moja ya radiamu, kwa hiyo ni kama kilo tatu na gramu mia saba za metali ambayo miaka thelathini kabla ilipimwa kwa miligramu.

Sasa turudi kwenye swali la mionzi na zege, kwa kuwa hapa ndipo dhana nyingi hupotoka.

Saruji haikauki kama nguo inavyokauka. Fundi anayemwagilia zege kwa siku saba anajua hilo kwa mikono yake: saruji hula maji. Chembe zake huungana na maji na kuota nyuzi na majani madogo mno ya silikati ya kalsiamu, yanayosokotana na kushikana na mchanga na kokoto. Maji mengine hufungwa ndani ya nyuzi hizo kabisa. Mengine hubaki huru katika vitundu vidogo visivyoonekana, nayo ni maji makali, yenye ualkali unaozidi pH 12. Ukali huo ndio hulinda nondo zisipate kutu, na ndio huzifanya metali nyingi zenye mionzi zishindwe kuyeyuka na kusafiri. Zege la miaka 50 bado lina maji tumboni. Yakiondoka yote, zege si zege tena.

Mionzi ikipita ndani ya zege, jambo la kwanza inalokutana nalo kwa urahisi ni maji hayo. Huyapasua. Molekuli ya maji huvunjika vipande vyenye njaa ambavyo, visiporudiana na kuwa maji tena, huungana na kuwa gesi ya haidrojeni na haidrojeni peroksaidi. Peroksaidi ikikuta kalsiamu nyingi iliyomo ndani ya saruji, hugeuka mango jipya la kalsiamu, na watafiti wa Ufaransa, Pascal Bouniol akiwa mmoja wao, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 jinsi mango hilo linavyoathiri oksijeni iliyomo kwenye vitundu. Likikutana na hewa ya ukaa, linaishia kuwa chokaa ngumu, kalsaiti. Huko Jamhuri ya Cheki, František Vodák na wenzake walianika kwenye mionzi ya gama zege la aina iliyotumika katika kituo cha nyuklia cha Temelín, wakaona mwaka 2005 kwamba nguvu zake zilipungua kwa asilimia 10 hivi na kwamba kalsaiti iliongezeka. Mionzi, kwa maneno mengine, huharakisha uzee ambao zege lingeupata hata bila mionzi.

Lakini kiasi gani cha mionzi kinahitajika ili uzee huo uwe hatari? Mwaka 1978 Hubert Hilsdorf na wenzake wawili wa Ujerumani walikusanya majaribio yote waliyoweza kupata, wakachora mchoro ambao wahandisi wameutegemea tangu hapo. Kwa mionzi ya gama, walionyesha kwamba zege huanza kupoteza nguvu kwa kiasi cha kutia wasiwasi baada ya kupokea kiwango cha grei milioni 100. Mchoro huo umekosolewa baadaye, na kwa haki, kwa sababu majaribio mengi yaliyomo yalifanywa kwenye joto kubwa na kwa kokoto ambazo si za kawaida. Hata hivyo ukubwa wa tarakimu unafundisha. Tuseme ukuta wa kihenge cha Fernald ungepokea grei moja kila saa, kiwango kikubwa kuliko chochote kilichowahi kupita mle. Kwa miaka 50 ungekuwa umepokea grei laki nne na elfu thelathini na nane. Hiyo haifiki hata nusu ya asilimia moja ya kiwango cha Hilsdorf. Nazo chembe za alfa, ambazo ndizo nyingi ndani ya K-65, haziwezi kupenya zege hata kwa sehemu moja ya kumi ya milimita; huishia kwenye ngozi ya ndani ya ukuta.

Nyutroni ni habari nyingine. Karibu na tanuri la nyuklia, nyutroni huvuruga mpangilio wa atomi ndani ya kokoto zenye kwatsi mpaka kokoto zivimbe huku saruji inayozizunguka ikisinyaa, na zege likapasuka kutoka ndani. Hilo ni tatizo la kweli kwa vituo vya umeme vinavyozeeka. Katika ghala la mabaki ya urani halina nafasi.

Basi nani aliyezivunja kuta za Fernald? Mvua, jua, na baridi ya Ohio. Maji huingia kwenye ufa mdogo, yanaganda wakati wa kipupwe, yanatanuka, ufa unakuwa mkubwa, na kipupwe kinachofuata yanaingia mengi zaidi. Plasta nyembamba ikabanduka, nyaya zikakosa kinga ya ualkali wa saruji, kutu ikaanza. Ndiyo sababu udongo wa 1964 ulisaidia kwa namna tatu kwa pamoja: uliegemeza kuta, ulizikinga na hali ya hewa, na ulipunguza mionzi ya gama kwa watu waliopita karibu.

Lililokuwa baya zaidi halikuhitaji kuta zianguke. Radoni ni gesi. Kuba lilikuwa na matundu ya mabomba na nyufa za kawaida, na kila siku joto lilipopanda hewa ya ndani ilitanuka na kutoka, usiku ikaingia nyingine. Kihenge kilikuwa kinapumua. Matundu hayo yalizibwa mwaka 1979, miaka zaidi ya ishirini baada ya kihenge kujaa. Uchunguzi ulioagizwa na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, uliokamilika mwaka 1998, ulibaini kwamba katika mionzi yote iliyowafikia majirani wa kiwanda kwa miongo mingi, sehemu kubwa ilitokana na radoni ya vihenge vile, kuliko vumbi la urani lililokuwa limetangazwa magazetini.

Majirani hawakujua. Kiwanda kiliitwa jina lililofanana na la kiwanda cha chakula cha mifugo, na tangi lake la maji lilipakwa miraba ya rangi nyekundu na nyeupe. Watu wengi wa vijiji vya jirani waliamini kwamba humo hutengenezwa chakula cha wanyama. Mwaka 1984 ikafichuka kwamba zaidi ya kilo 100 za vumbi la urani zilikuwa zimepeperuka, na kwamba baadhi ya visima nje ya uzio vilikuwa na urani. Wakazi wakaunda chama chao, FRESH, na Lisa Crawford, mama aliyekuwa amepanga nyumba yenye kimojawapo cha visima hivyo, akakiongoza kwa miaka mingi. Mwaka 1989 serikali ilikubali kulipa dola milioni 78 kumaliza kesi yao. Mwaka huohuo uzalishaji ukasimama. Ninapolisoma jambo hili sioni mahali ambapo wahandisi wangeanza kulitengeneza kwa hiari yao bila wanawake na wanaume wale waliokataa kunyamaza.

Vihenge vyenyewe vilikuwa vinachakaa kwa kasi. Ukaguzi wa 1986 uliona kwamba kilele cha kuba, pale penye sentimita 10, hakiwezi kuaminiwa tena. Kikafunikwa kwa mbao na chuma. Mwaka uliofuata makuba yakapulizwa povu la plastiki. Mwaka 1991 likamiminwa ndani, juu ya tope, tabaka la udongo laini uitwao bentonaiti uliokorogwa na maji. Hapo kuna akili nzuri inayostahili kutazamwa kwa karibu. Radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8. Huna haja ya kuizuia milele. Ukiweza kuichelewesha kwa siku 38, itakuwa imepungua nusu mara kumi, na inayobaki ni sehemu moja tu katika elfu. Udongo mbichi uliojaa maji huifanya gesi ijikokote, na inapofika juu imekwisha kugeuka metali zilizonaswa humohumo kwenye udongo. Udongo ule ulifanya kwa radoni kile ambacho zege halikuweza.

Ikabaki kuamua tope liende wapi na kwa umbo gani. Mwaka 1994 uamuzi ulikuwa kuligeuza kioo: kuliyeyusha kwenye tanuri pamoja na viungo vya kioo, kisha kulimwaga likagande. Kioo hakina maji, kwa hiyo mionzi haina cha kupasua humo, na wanasayansi wengi walikipenda kwa sababu hiyo. Tanuri la majaribio likajengwa Fernald. Tarehe 26 Desemba 1996 lilitoboka chini, na kioo kilichoyeyuka kikamwagika. Kilichokuwemo siku hiyo hakikuwa K-65 halisi bali mchanganyiko wa kuigiza, jambo lililowanusuru watu, lakini mpango haukupona. Mwaka 2000 uamuzi mpya ukatolewa: tope lichanganywe na saruji ya Portland na majivu ya makaa ya mawe.

Hapa uhusiano wa mionzi na saruji ulibadilika kabisa, na naona wengi walioandika habari ya Fernald wamelipita jambo hili haraka. Katika kihenge, saruji ilikuwa ukuta, mionzi ikabaki upande wa pili. Alfa ilikwama kwenye ngozi ya zege na basi. Katika mpango mpya kila chembe ya radiamu ingezungukwa na saruji na maji yake. Alfa ambayo haiwezi kupenya unene wa karatasi haihitaji tena kupenya kitu. Imelala ndani ya maji inayoyapasua.

Tatizo hilo lilikuwa limeshapimwa. Ned Bibler wa maabara ya Savannah River, jimbo la South Carolina, alichapisha mwaka 1978 matokeo ya majaribio ya zege lililochanganywa na taka za mionzi na kufungiwa ndani ya vyombo visivyopitisha hewa. Chini ya gama, presha ya haidrojeni ilipanda kisha ikatulia. Chini ya alfa ilizidi kupanda. Sababu iko kwenye umbo la njia ambayo kila mionzi hupita. Gama husambaza nguvu zake mbali mbali, na vipande vya maji vinavyobaki huru huishambulia haidrojeni na kuirudisha kuwa maji, mpaka kuzaliwa na kufa kwa gesi vilingane. Alfa huimwaga nguvu yake yote katika njia fupi mno. Vipande vinazaliwa vimesongamana na kuungana papo hapo kuwa gesi, na vichache hubaki vya kuirudisha. Haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka. Ndiyo maana huko Sellafield, Uingereza, ambako taka za vinu vya zamani zimekuwa zikifungwa kwa saruji ndani ya mapipa ya chuma cha pua ya lita 500 tangu 1990, vifuniko vya mapipa vina kichujio cha kupitisha gesi. Pipa la aina hiyo likizibwa kabisa ndipo linapogeuka hatari.

Kwa K-65 kulikuwa na jaribu jingine ambalo si la mionzi. Tope lilijaa salfeti, na salfeti huungana na alumina ya saruji kutengeneza fuwele zinazovimba baada ya zege kugumu na kulipasua. Majivu ya makaa ya mawe hupunguza ugonjwa huo, kwa kuwa yanachukua nafasi ya sehemu ya saruji na kula chokaa inayousaidia. Uwiano wa tope, majivu na saruji ulikuwa ndio siri ya kazi yote. Risasi nayo ilipaswa kushikwa isitoke na maji. Kwa mambo haya saruji ni hodari kwelikweli, na ni haki kusema hivyo.

Tope lilikuwa limekaa karibu nusu karne. Bomba za maji zenye presha kubwa zilishushwa kupitia matundu ya kuba zikalikoroga, likanyonywa na kupelekwa kwenye matangi manne mapya ya chuma, kila moja la lita milioni 2.8, yaliyowekwa ndani ya jengo la zege. Hewa yote ilivutwa kupitia vitanda vya mkaa vilivyopoozwa, ambavyo hushika radoni mpaka inapokwisha yenyewe. Kisha likachanganywa, likamiminwa kwenye makasha ya chuma, likaachwa ligumu. Mpango ulikuwa kuyapeleka jangwani Nevada, lakini serikali ya jimbo hilo mwaka 2004 ilitishia kwenda mahakamani. Makasha zaidi ya 3,700 yakasafirishwa kwa malori mpaka kaunti ya Andrews, magharibi mwa Texas, kati ya 2005 na 2006. Yakakaa juu ya ardhi kusubiri leseni, yakazikwa kwenye mfinyanzi mwekundu mwaka 2009. Usafishaji wa eneo zima la Fernald uligharimu dola bilioni 4.4. Leo ni hifadhi yenye nyasi, mabwawa na ndege, na maji ya chini ya ardhi bado yanasukumwa na kusafishwa.

Upande wa pili wa safari hiyo, kule Katanga, saruji pia ilipewa kazi. Kongo ilipokaribia uhuru mwaka 1960, Union Minière iliondoa mitambo Shinkolobwe na kuziba midomo ya mashimo kwa zege. Hakukuwa na plasta ya kukagua, wala udongo wa kuegemeza, wala mkaa wa kushika radoni, kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kubaki akitazama. Zege liliachwa liwe mlinzi peke yake. Kampuni ya taifa ya migodi ilipodorora katika miaka ya 1990 na bei ya kobalti ikapanda, maelfu ya wachimbaji wadogo walifika na sururu na nyundo. Hawakuwa wanatafuta urani. Walitaka kobalti ya kuuza ili wapate unga wa siku, na jiwe la kobalti pale limelala bega kwa bega na jiwe la urani. Walichimba pembeni ya zege na chini yake. Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitoa amri ya kufunga machimbo hayo. Julai mwaka huo njia za chini ziliporomoka na kuua watu wanane. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walifika baadaye mwaka huohuo, wakakuta hatari ya kuporomoka imekuwa kubwa kuliko hatari ya mionzi iliyowaleta. Tena mvuto wa ardhi na maji vilikuwa vimetangulia.

Linganisha pande hizo mbili. Kemia ya saruji ni ileile Ohio na Katanga, na radiamu ni ileile kwa sababu ilitoka kwenye mwamba mmoja. Tofauti ni kwamba upande mmoja walikuwepo watu wenye visima, mawakili, na serikali iliyolazimika kulipa. Upande wa pili walikuwepo watu wenye sururu. Siwezi kuliandika hili kwa utulivu.

Nalo fungu jingine la K-65 halikupelekwa Fernald. Lilibaki Lewiston, jimbo la New York, si mbali na maporomoko ya Niagara, ambako lilihifadhiwa kwa miongo mitatu ndani ya mnara wa zege wenye urefu wa mita 50 hivi, ukipitisha radoni juu ya mashamba. Katika miaka ya 1980 lilikorogwa kwa maji na kusukumwa mpaka kwenye vyumba vya chini vya majengo ya zamani, vikafunikwa kwa udongo wa mfinyanzi. Mwaka 2019 kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani kiliamua kwamba yote yafukuliwe, mabaki makali yagandishwe kwanza, kisha yasafirishwe kwingine. Vyumba vilivyoyahifadhi vilimiminwa zege mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa kazi ya kusafisha maji ya kiwanda cha baruti, na waliovijenga hawakuambiwa lolote kuhusu radiamu.